Ngamia 435 na Foleni ya Kipande

Watu 42,360. Watumwa 7,337. Waimbaji 200. Farasi 736. Nyumbu 245. Ngamia 435. Punda 6,720.

Hii si hesabu ya soko la mifugo Isiolo. Ni hesabu ya watu waliotoka uhamishoni Babeli kurudi Yerusalemu zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Iko kwenye Biblia, Ezra sura ya 2, na ukifungua Nehemia sura ya 7 unaikuta tena, na tofauti ndogondogo tu. Wengi wetu tukifika hapo tunaruka. Majina, majina, majina, kisha punda. Nani ana hiyo subira?

Mimi nasema usiruke. Hiyo orodha ndiyo sehemu moto kuliko zote kwenye vitabu hivyo viwili, hasa kama wewe ni mtu wa kaskazini na umewahi kupanga foleni ya kipande huku umeshika cheti cha kuzaliwa cha baba na stori ya babu.

Na kabla mtu hajasema nimegeuka mhubiri: hapana. Isiolo adhana na kengele ya kanisa tunazisikia mtaa mmoja, na watu wangu wako pande zote mbili. Hata Ezra mwenyewe, wasomi wengi wa Kiislamu humtambua kama Uzairi anayetajwa kwenye Kurani. Kwa hivyo hii stori haina mwenyewe mmoja. Leo tunaisoma kama historia: nani aliandika, kwa faida ya nani, na nani aliachwa nje ya mlango.

Stori yenyewe, kwa kifupi. Mwaka wa 597 KK, Nebukadreza mfalme wa Babeli alimchukua mfalme wa Yuda pamoja na wakubwa na mafundi. Mwaka wa 586 KK jeshi lake likarudi, likabomoa Yerusalemu na kuchoma hekalu, watu wengine wakabebwa. Mwaka wa 539 KK Koreshi wa Uajemi akaiteka Babeli, na baadaye vikundi vya Wayahudi vikaanza kurudi nyumbani. Hekalu jipya likamalizika karibu mwaka wa 515 KK. Mwaka wa 445 KK Nehemia, aliyekuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta, akapewa ruhusa ya kwenda kujenga ukuta wa Yerusalemu. Kitabu kinasema ukuta uliisha kwa siku 52.

Hivyo ndivyo tunavyoijua. Wote walichukuliwa, nchi ikabaki tupu, wote wakarudi, maadui wakaleta fujo, ukuta ukasimama. Filamu safi kabisa. Shida ni kwamba wasomi waliokaa na haya maandishi, na wachimbaji waliochimba ardhi yenyewe, wamekuta karibu kila kipande cha hiyo filamu kina kasoro.

Tuanze na "wote walichukuliwa". Kitabu cha Yeremia, sura ya mwisho, kinataja jumla ya watu waliobebwa mara tatu: 4,600. Hata ukisema walihesabu wanaume tu, ukaongeza wake na watoto, bado hiyo si nchi nzima. Kitabu cha pili cha Wafalme chenyewe kinakubali kwamba maskini waliachwa walime mashamba na kutunza mizabibu. Wachimbaji nao wamekuta kwamba wakati Yerusalemu iko magofu, eneo la Benyamini, kaskazini kidogo tu ya mji, liliendelea kuwa na watu, na Mizpa ukawa ndio mji wa utawala. Mwaka wa 1996 msomi wa Norway, Hans Barstad, alitoa kitabu kizima kuhusu jambo hili, akaliita hekaya ya nchi tupu. Nchi haikuwa tupu. Ilikuwa na watu ambao hawakuwa na mwandishi.

Twende kwa "wote walirudi". Mwaka wa 2014, Laurie Pearce na Cornelia Wunsch walichapisha zaidi ya vibao 100 vya udongo vilivyoandikwa Babeli kati ya mwaka wa 572 na 477 KK. Vingi vinatoka kijiji ambacho jina lake maana yake ni kama Mji wa Yuda. Ndani yake humkuti mtu akilia kando ya mto. Unakuta watu wenye majina ya Kiyahudi wakilipa kodi, wakikopeshana shayiri, wakikodi mashamba, wakirithishana mali. Ni kama risiti na mikataba ya mtaa. Na angalia miaka: mwaka wa 477 KK ni zaidi ya miaka 60 baada ya Koreshi kufungua mlango, na wao bado wako hapo. Walijenga maisha. Wengi hawakurudi kamwe, na hakuna aliyewalazimisha.

Halafu kuna Koreshi, yule mfalme mwema. Mwaka wa 1879 huko Babeli kulichimbuliwa silinda ya udongo yenye tangazo lake, na leo iko kwenye jumba la makumbusho la Uingereza, London. Watu husema ndiyo amri ya kuwarudisha Wayahudi. Ukiisoma, haimtaji Myahudi hata mmoja, wala Yerusalemu. Inazungumzia Babeli, mungu wa Babeli, na mahekalu ya miji ya pande zile. Kwa hivyo kuwarudisha watu na miungu yao ilikuwa sera ya dola, njia ya kutawala kwa gharama ndogo. Waliorudi waliona mkono wa Mungu. Mfalme aliona mkoa unaolipa kodi. Mambo yote mawili yanaweza kukaa kwenye safari moja.

Sasa turudi kwa orodha yetu. Chukua simu, fungua kikokotoo, jumlisha vikundi vyote vilivyotajwa kwenye Ezra 2. Hupati 42,360. Unapata 29,818. Jumlisha vya Nehemia 7, unapata 31,089. Ezra peke yake ina watu zaidi ya 12,000 waliomo kwenye jumla lakini hawamo kwenye mstari wowote. Wasomi wamependekeza majibu mengi: labda ni wanawake, labda ni watu wa makabila mengine, labda makosa ya kunakili, labda hii ni sensa ya mawimbi kadhaa ya watu iliyobandikwa pamoja na kuitwa safari moja. Chagua jibu unalopenda. Ninachokiona mimi ni kwamba punda wamehesabiwa hadi yule wa mwisho, na kuna maelfu ya binadamu wasio na mstari.

Na hapo katikati ya orodha ndipo inapouma. Ezra 2, kuanzia aya ya 59. Kuna watu waliotoka sehemu zinazoitwa Tel-mela na Tel-harsha na kwingineko, jumla 652, ambao hawakuweza kuonyesha ukoo wa baba zao, kwamba wao ni Waisraeli kweli. Wametembea njia ileile, jua lilelile, miezi ileile. Wamefika. Wanaambiwa leteni karatasi. Kisha kuna familia tatu za makuhani, wana wa Habaya, wa Hakosi na wa Barzilai. Walitafuta majina yao kwenye daftari la koo, hayakupatikana. Wakaondolewa kwenye ukuhani kama watu wasio safi. Gavana akawaambia wasile vyakula vitakatifu mpaka apatikane kuhani wa kuuliza Mungu kwa njia ya kura takatifu.

Yaani: jina lako haliko kwenye mfumo, kaa kando, tutakuita.

Wasee, hii si kupigwa msasa? Miaka na miaka, kijana wa jamii fulani za kaskazini akitimiza miaka 18 haendi kuchukua kipande kama kijana wa Nyeri au Kisii. Anakaa mbele ya kamati. Wazee wanamuuliza ukoo, anaulizwa karatasi za wazazi, wakati mwingine za babu na nyanya. Niliwahi kumsindikiza jamaa yangu kwenye kikao kama hicho. Mzee mmoja alimuuliza jina la babu wa babu yake, na yule mzee alikuwa anamjua babake vizuri kabisa, walikuwa wakinywa chai pamoja. Jamaa alijibu. Akaambiwa arudi wiki ijayo.

Stori ya pili ya orodha hii ni ya waliokuwa nje yake kabisa. Ezra sura ya 4: watu wanakuja wanasema, tusaidiane kujenga hekalu, sisi pia tunamwabudu Mungu wenu, tumekuwa hapa tangu Esar-hadoni mfalme wa Ashuru alipotuleta. Esar-hadoni alitawala miaka ya 681 hadi 669 KK. Kwa hivyo hao watu wana zaidi ya karne moja hapo. Jibu la viongozi waliorudi: hamna sehemu katika kazi hii. Na mwandishi, kabla hata hajawapa nafasi ya kuongea, ameshawaita maadui.

Karne nzima na wewe bado ni mgeni. Swali la Isiolo hilo: inachukua miaka mingapi mtu kuwa mwenyeji?

Chukua pia Sanbalati. Kwenye kitabu cha Nehemia ndiye adui mkubwa, anacheka, anatisha, anapanga njama. Sasa njoo huku Afrika, kwenye Mto Nile, kisiwa kinachoitwa Elephantine karibu na Aswan. Karne ya 5 KK kulikuwa na kambi ya wanajeshi wa Kiyahudi huko, walinzi wa mpaka wa kusini wa dola ya Uajemi, na familia zao. Barua zao za mafunjo zimepatikana. Walikuwa na hekalu lao wenyewe, nje kabisa ya Yerusalemu. Walioana na Wamisri: kuna mkataba wa ndoa wa mtumishi wa hekalu, Anania, na mwanamke Mmisri aliyeitwa Tameti. Mwaka wa 410 KK hekalu hilo likabomolewa. Mwaka wa 407 KK wakaandika barua kwa gavana wa Yuda kuomba msaada, na humo wanasema wamewaandikia pia wana wa Sanbalati, gavana wa Samaria. Majina ya hao wana ni Delaya na Shelemia. Mwisho wa kila jina ni jina la Mungu wa Israeli, lilelile lililo mwishoni mwa jina la Nehemia.

Yule adui alikuwa akiwapa watoto wake majina ya Mungu yuleyule. Ugomvi wa ukuta haukuwa wa waumini na wapagani pekee. Ulikuwa pia wa majirani wawili, gavana kwa gavana, juu ya nani anaamua nani ni wa ndani. Sisi tumebaki na daftari la upande mmoja.

Sasa kwa nini haya yote ni ya Kenya? Kwa sababu mmoja wa watu walioifanya Nehemia iwe stori kubwa ya Afrika ni Mkenya. Jesse Mugambi, profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwezi wa Machi 1990, kwenye mkutano wa Shirikisho la Makanisa ya Afrika Nzima hapo Nairobi, alitoa hoja iliyotikisa wasomi wa dini bara zima. Fikiria wakati wenyewe: ukuta wa Berlin umeanguka miezi michache iliyopita, Mandela ametoka gerezani mwezi wa Februari, Namibia inapata uhuru mwezi huohuo wa Machi. Mugambi akasema, tumekaa muda mrefu tukijiona kama Waisraeli wa kitabu cha Kutoka, tukikimbia Farao. Farao wa kikoloni anaondoka. Sasa tusome kitabu kingine, kile cha watu waliorudi wakakuta magofu. Tusome Nehemia. Tujenge. Mwaka wa 1995 hoja hiyo ikatoka kama kitabu, na teolojia ya ujenzi mpya ikawa shule nzima ya mawazo.

Mimi napenda hiyo hoja. Kweli nampa heshima yake. Inakataa kukaa tukilaumu mtu aliyekwenda, inauliza tofali liko wapi. Na Nehemia sura ya 5 inampa nguvu: watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba ili walipe kodi ya mfalme, watoto wao wanauzwa utumwani, na wanaowakopesha ni ndugu zao. Nehemia anawaita matajiri mbele ya watu wote, anawaambia warudishe mashamba na riba. Kwa kizazi kinachoishi kwa mikopo ya simu, hiyo sura ni tamu.

Lakini miaka ya mwanzo ya 2000 msomi wa Afrika Kusini, Elelwani Farisani, aliinua mkono. Akasema: ukichukua Ezra na Nehemia kama ramani ya kujenga Afrika bila kuhoji mwandishi, unachukua pia upande wake. Kile kitabu kimeandikwa na waliorudi, dhidi ya waliobaki, wale kinaowaita watu wa nchi. Ukijenga hivyo, unajenga na waliofukuzwa tayari wako nje.

Na hapa ndipo nataka tuweke tarehe mbili kando kwa kando. Mugambi anazungumza Nairobi Machi 1990. Miezi michache kabla, Novemba 1989, serikali ya Kenya iliamuru Wasomali wa Kenya wote wachujwe, wathibitishe kwamba ni raia, wapewe kadi ya ziada ya rangi ya waridi. Watu waliokuwa na kipande tayari. Wanajeshi, walimu, wafanyabiashara. Ukumbini wanasoma Nehemia wa ukuta, na nje Ezra 2 inatendeka kwa watu walio hai, pamoja na wale wasiopata jina lao daftarini. Simlaumu Mugambi, hakuamuru hiyo kitu. Nasema tu kwamba ukiwa Nairobi ni rahisi kuona ukuta. Ukiwa kaskazini unaanza kuona orodha.

Maana mji huu wetu umejaa orodha. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwaweka hapa Isiolo Wasomali waliopigana upande wao. Wanajeshi wa dola, wamepewa makao mbali na kwao, pamoja na familia zao. Elephantine kabisa, bila mto Nile. Kati ya 1936 na 1941, Waisaaq walipigana na serikali ya kikoloni kuhusu kodi ya kichwa, wakitaka kuhesabiwa pamoja na Waasia badala ya wenyeji, kwa sababu safu uliyoandikwa ndiyo iliyoamua kodi yako, mahali unapokaa na haki zako. Orodha haikuwa karatasi. Ilikuwa maisha.

Kisha ikaja vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Mwezi wa Juni 1963 mkuu wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa pamoja na chifu Galma Dida. Ukipita Wabera Street kule Nairobi, ni yeye. Kilichofuata ni uhamisho wa aina ambayo Ezra hakuiandika: kuhamishwa ukiwa kwenu. Waborana wa Waso walikusanywa kwenye vijiji vya ulinzi, sehemu kama Garba Tulla na Merti, mifugo ikazuiwa kutembea. Mifugo mingi ikauawa, ikachukuliwa au ikafa. Wengine wakakimbilia Somalia. Wazee wanakiita kipindi hicho gaafa dhaabaa, wakati wa kusimama. Mwaka wa 2013 Zeinabu Kabale Khalif na Gufu Oba walichapisha utafiti wenye jina hilo, uliojengwa juu ya simulizi za wazee wenyewe. Kwenye orodha ya Ezra ngamia 435 walirudi pamoja na wenyewe. Hapa kwetu watu walirudi Waso bila ngamia.

Na upande wa pili uliandika nini? Mwaka wa 1970 bunge lilipitisha Sheria ya Kinga, iliyozuia mtu yeyote kuwashtaki maafisa wa serikali kwa waliyoyatenda kati ya mwisho wa Desemba 1963 na Desemba 1967. Isiolo imetajwa humo kwa jina. Yaani mahali pamepata mstari kwenye sheria, waliokufa mahali hapo hawajapata. Hata hiyo hekaya ya nchi tupu tunayo yetu. Waraka nambari 10 wa mwaka wa 1965 ulisema pesa za maendeleo ziende penye ardhi nzuri na mvua, na kaskazini ikabaki nafasi nyeupe kwenye ramani. Leo mradi wa LAPSSET unaleta barabara na mpango wa mji wa kitalii, na ghafla ile nafasi nyeupe ina bei. Ukisikia mtu wa mbali akisema Isiolo kuna ardhi tupu, mkumbuke Barstad. Uliza mifugo ya nani hulisha hapo kiangazi.

Tarehe 5 Februari 2025, Rais William Ruto alitia saini tangazo Wajir la kuondoa msasa wa ziada wa vipande kwa kaunti za mipakani. Watu walishangilia, na mara moja wengine wakaanza kulalamika kwamba wageni wataingia kwenye daftari. Mimi nashangilia, lakini kwa tahadhari. Kamati inaweza kuondoka ofisini ikabaki midomoni. Na tusijidanganye kwamba ni Nairobi tu inayoandika orodha. Hapa Isiolo kila jamii ina stori ya jinsi ilivyofika na kwa nini jirani alifika baadaye. Mborana, Msomali, Mmeru, Mturkana, Msamburu, kila mmoja ana Ezra wake mfukoni. Kila uchaguzi ukikaribia, anatolewa na kusomwa kwa sauti. Mpaka wa Isiolo na Meru ukitajwa, vivyo hivyo. Tulionyimwa karatasi ndio sisi tunaomuuliza Mturkana aliyezaliwa hapa, na babake akazaliwa hapa, eti kwao ni wapi.

Ezra na Nehemia walifika huko. Mwishoni mwa Ezra wanaume wanakusanywa kwenye mvua waambiwe waache wake zao wa mataifa mengine, na majina ya waliooa nje yanaandikwa. Orodha nyingine. Majina ya wake hayapo. Nehemia sura ya 13 anapata watoto wanaoongea lugha ya Ashdodi, hawajui Kiyahudi, anakasirika mpaka anawapiga baba zao na kuwang'oa nywele. Mtoto wa Isiolo anayeongea Kiborana nyumbani, Kiswahili sokoni, Kimeru na rafiki yake na Kiingereza darasani, angepona kwa Nehemia?

Lakini kitu kimoja kinanifanya nisivitupe vitabu hivi. Biblia hiyohiyo ilihifadhi sauti za upande wa pili. Kuna Ruthu, mwanamke Mmoabi, mgeni kabisa, anayekuwa nyanya mkuu wa mfalme Daudi, na wasomi wengi wanaamini kitabu chake kiliandikwa au kilisomwa sana wakati huohuo wa ugomvi wa ndoa. Kuna Isaya sura ya 56, inayofungulia mgeni mlango wa nyumba ya Mungu. Waliokusanya maandiko hawakufuta upande mmoja. Waliacha wabishane ndani ya jalada moja.

Hilo ndilo ombi langu kwa kizazi chetu. Tusigombee nani awe mwandishi wa orodha inayofuata. Tuongeze daftari. Una simu yenye kinasa sauti. Kuna mzee nyumbani kwenu anayekumbuka daaba, au aliyekuja Isiolo kutafuta kazi, au aliyeolewa kwenye jamii ambayo si yake. Mrekodi mwezi huu. Kisha nenda kwa jirani wa jamii nyingine, mrekodi wake pia. Na ukisoma orodha yoyote, ya serikali, ya chama, ya fidia ya barabara, ya wenyeji halisi, anza na maswali manne: nani aliandika, nani alilipa, jumla inalingana, na nani alitafuta jina lake akalikosa.

Nimewaambia kuhusu wana wa Hakosi, ile familia ya makuhani iliyofukuzwa kwa kukosa jina daftarini. Fungua sasa Nehemia sura ya 3, orodha ya waliojenga ukuta. Kwa hesabu ya vitabu hivyo ni karibu miaka 100 baadaye. Aya ya 4 inamtaja Meremothi mwana wa Uria, mwana wa Hakosi, akijenga sehemu yake. Aya ya 21 anatajwa tena. Amemaliza, ameanza sehemu ya pili.